Barua kwa Mtu Aliyekataa Kiti

Mungu asifiwe, yeye asiyechoka kutusikiliza hata tunapoanza maneno yetu mbali. Ninamshukuru kwa macho ambayo bado yanaona mstari kwenye karatasi, kwa mkono ambao bado unashika kalamu, na kwa mwaka mmoja wa ujana wangu alionipa bila mimi kujua kwamba ni zawadi. Nikikosea katika kuusimulia, kosa ni langu. Kilicho chema ndani yake ni chake.

Mwezi uliopita tulimzika Mama Adeline, hapa Kalemie. Siku moja kabla ya maziko, binti yake wa kwanza, Josefina, alikuja nyumbani kwangu na macho mekundu na daftari jipya. Akaniambia, “Mama Honorata, weye njo uliishi naye wakati sisi tulikuwa bado watoto. Utuandikie maneno ya kusoma mbele ya watu. Lakini ukurasa moja tu, Mama, nakuomba. Watu wa leo hawana subira.” Nikamjibu ndiyo. Alipoondoka nilikaa mezani na daftari lile, na mara nikajiona nimekaa kwenye meza nyingine, nina miaka kumi na tisa, nikiwa na karatasi nyeupe na shida ile ile: maneno yote ninayo, wala sijui lipi nilitangulize.

Mwaka ule nilifika Kalemie baada ya Pasaka kwa boti la mbao kutoka Zongwe. Wazazi walikuwa wamenipa mpaka Noeli. Nikipata kazi, nitabaki mjini. Nisipopata, boti litanirudisha, na masomo yangu yataishia kuwa hadithi ya kusimulia shambani. Mengine ya nyumbani siyaandiki hapa. Nilipokelewa na Mama Adeline, mjane wa parokia yetu, kwa masharti mawili: nimsaidie kazi za nyumba, na nisiguse mashine yake ya kuandika.

Nyumba ilikuwa kule mtaa wa Kataki. Chumba cha mbele kilikuwa biro, yaani ofisi yake, kilikuwa mahali pa kupokea wageni, na nyuma ya pazia la maua kilikuwa pia chumba changu. Mashine ilikaa mezani ikiwa imefunikwa kwa kitambaa cheupe alichokishona mwenyewe, kama vitu vya altare. Palinuka karatasi ya kaboni na samaki wa kukaushwa. Kuanzia asubuhi watu walikuja na maneno yao kichwani, wakitaka yawe barua: mmoja anaomba kazi, mwingine kiwanja, mwingine uhamisho wa mwalimu. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia nachambua majani ya muhogo kwa ajili ya sombe, nikisikia kila kitu. Namkumbuka mwashi mmoja mwenye sauti nene.

“Andika kwamba mimi njo fundi mukubwa kupita wote.”

“Wote wa wapi, Papa?”

“Wa Kalemie yote.”

“Jana nimepiga barua ya fundi mukubwa kupita wote wa Kalemie,” Mama Adeline akasema. “Mutafutane kwanza, mupimane. Mwenye kushinda arudi hapa.”

Nilicheka mpaka majani yakaanguka. Halafu nilimsikia akimuuliza yule mwashi kwa sauti nyingine, ya upole, “Ni ukuta gani ulijenga, na mvua imeupiga, na mpaka leo unasimama?” Mwashi akafikiri. Akautaja ukuta wa shule moja upande wa mto Lukuga. “Basi,” Mama Adeline akasema, “tuanzie pale.” Mashine ikaanza kulia. Niliyasikia maneno yale kwa masikio yangu mawili, lakini sikujua kwamba yananihusu. Mtu anaweza kukaa karibu na kisima na kufa kiu kwa sababu ya kuona haya.

Maana mimi pia nilikuwa naandika. Kati ya Pasaka na mwezi wa tisa nilipeleka barua tatu za kuomba kazi, nimeziandika kwa mkono wangu bila kumuonyesha Mama Adeline, na hakuna hata moja iliyojibiwa. Mwezi wa kumi likasomwa tangazo kanisani. Hospitali ya watawa ilitafuta mtu wa kupokea wagonjwa na kuandika fishi zao, zile kadi za habari za ugonjwa. Mwenye kutaka alete vyeti vyake na maisha yake ya masomo kwa kifupi, na juu yake karatasi ya kujieleza: yeye ni nani, anaweza nini, kwa nini anaomba kazi hii. Nilijua kwamba baada ya hii, kabla ya Noeli, hakutakuwa na nyingine. Niliandika siku mbili. Siku ya tatu, tukiwa tunakula bugali na samaki wa mikebuka waliopikwa kwa mawese, nikamtolea Mama Adeline karatasi zangu nne.

Alikuwa na desturi ya kusoma akila, na mpaka leo karatasi zile, ambazo bado ninazo, zina alama za vidole vyake vya mafuta. Alisoma ukurasa wa kwanza kimya. Kwenye wa pili akaacha kutafuna. Kwenye wa tatu mabega yakaanza kutikisika, na kwenye wa nne alicheka mpaka miwani ikaanguka karibu na samaki.

“Honorata mwanangu,” akasema akijifuta macho, “nimepanda boti na weye Zongwe. Nimelowa. Nimemusalimia mujomba yako na muke yake. Nimelala ku kijiji kwa sababu ya upepo. Nimefika Kalemie nimechoka kabisa. Na hospitali nimeiona ukurasa wa ine, mustari wa mwisho, kama muntu mwenye kufunga mulango!”

Niliumia. Nikamwambia kwamba kwetu ndivyo mtu mwenye adabu anavyosema. Mgeni akifika hupewa kiti na maji. Hakuna anayemuuliza amekuja kufanya nini, hilo ni tusi. Huulizwa tu, “Huko utokako?” Naye huanza alikotoka, njia aliyopita, aliowaona, mvua iliyomkuta, na neno lililomleta hulisema mwisho, hata kama ni la kifo. Anayeanza na haja yake ni kama mtu anayeingia nyumbani kwa watu na mkono tayari ndani ya chungu.

“Na hakuna mwenye kuanza na mwisho? Hata mumoja?”

“Yuko mmoja,” nikajibu. “Yule anayekataa kiti. Kama mgeni anapewa kiti na anabaki kusimama, watu wote wa nyumbani wanainuka. Wanajua ana moto nyuma yake. Huyo wanamuuliza neno lake palepale.”

Mama Adeline aliokota miwani, akaifuta kwa kitenge chake, akaivaa. Hakucheka tena. “Sasa niambie. Yule Mamere wa hospitali, umekwisha kumuona amekaa?” Mamere ndivyo watu wote walivyomwita mtawa aliyesimamia hospitali. Nikafikiri. Nilikuwa nimemuona kanisani, njiani, kwenye ua wa hospitali, kila mara akitembea na karatasi mkononi. “Hapana,” nikasema. “Eeh. Barua yako inamuendea muntu mwenye kukataa kiti. Yeye hana ubaya. Ana moto nyuma yake. Mupe neno yako palepale.”

Nilirudi nyuma ya pazia nikakata. Nilikata boti, nikakata upepo, nikakata mjomba na mkewe, na kilichobaki kilikuwa mistari mitatu: naomba kazi ya kupokea wagonjwa, mimi ni mchapakazi, mimi ni mwaminifu na mwenye bidii. Mama Adeline akaisoma akiwa anapepeta unga. “Hata yule aliyeiba simenti ya parokia aliandika vile. Nilimupigia barua mimi mwenyewe.” Nikaandika nyingine, na katika hiyo nilijishusha kabisa: mimi mtoto wenu, sistahili, nipokeeni kwa huruma, mkinikataa nitarudi Zongwe na machozi. Hiyo hakuicheka. Aliikunja polepole. “Huruma ni ya Mungu, na ya Mamere pia iko, lakini ile ni ya wagonjwa. Usiwanyanganye.”

Hapo nilikaa siku nyingi. Ninataka vijana wanaosoma waelewe kwamba kizuizi changu hakikuwa Kifaransa wala mwandiko. Kilikuwa dhambi, au kitu nilichodhani ni dhambi. Tulifundishwa tangu utoto kwamba mtu hajisifu, wengine ndio wanaomsifu, na kila jema ni kazi ya Mungu. Kila nilipoandika “mimi niliweza” mkono ulikuwa mzito kana kwamba ninamwibia Mungu. Jioni moja, tukiwa tumemaliza rozari na bado tumekaa mkekani, nikamwambia Mama Adeline jambo hilo. Alinyanyuka, akaenda kuchukua karatasi zangu nne za kwanza, zile zenye mafuta, akawa anapita juu yake kwa kalamu ya risasi. Kwenye ukurasa wa tatu akasimama.

“Hapa umeandika kwamba mujomba aliuliza habari za nkambo yako, na weye ukakumbuka namna ulikuwa unamurudishia habari. Njo nini, kurudisha habari?”

Nikamweleza. Nkambo, baba wa mama yangu, masikio yake yalikuwa yamekufa. Wageni walipokuja, mimi nilikaa kando ya kiti chake, nikasikiliza habari yote ya mgeni kutoka mwanzo, halafu nikairudisha sikioni kwake kwa sauti ya kumfikia. Nisiongeze kitu, nisipunguze kitu, nisimkate mgeni hata akipotea njia katika maneno yake. Nikikosea, mgeni mwenyewe alikuwa palepale kunisahihisha. Nilifanya hivyo miaka sita, mpaka nkambo alipofariki. Ilikuwa kazi ya mtoto wa nyumbani tu, kama kuchota maji.

“Miaka sita,” Mama Adeline akasema. “Na kule hospitali wanatafuta nani? Muntu wa kusikiliza mugonjwa mwenye kuanza mbali, na kumurudishia daktari habari bila kuongeza wala kupunguza. Honorata! Mungu alikupa masikio, ao hakukupa?”

“Alinipa.”

“Unamushukuru wapi? Kimyakimya tu ku roho? Andika. Kuandika kitu Mungu amekupa, na kusema umekitumia wapi, si majivuno. Majivuno ni kuandika kitu hakukupa.”

Maneno hayo yalinifungua. Niliandika kwa Kiswahili, naye akayapiga kwa Kifaransa, na kwa mara ya kwanza akaniruhusu kukaa karibu na mashine nikitazama herufi zinavyoruka. Ilikuwa hivi: “Naomba kazi ya kupokea wagonjwa na kuandika fishi zao. Kwa miaka sita nilisikiliza wageni wa nyumbani kwetu Zongwe na kumrudishia habari zao nkambo wangu, ambaye hakusikia. Nilijifunza kungoja mpaka mtu afike kwenye neno lililomleta, na kulirudisha kama lilivyo. Naandika mwandiko unaosomeka. Naelewa Kitabwa na Kiluba kidogo. Nadhani kazi yenu inafanana na ile, na ningependa kuifanya.” Nilitaka kuongeza ile habari ya kiti, maana niliona ni nzuri. Mama Adeline akaikata. “Barua iwe ya kusomwa kwa mupumuo moja. Ile utasema kama wakikuita.”

Waliniita. Ilikuwa wiki ya kwanza ya Majilio, mvua imenyesha, uwanja wa hospitali una matope mekundu mpaka kwenye ngazi. Tulikuwa watatu tuliochaguliwa. Mamere, aliyejifunza Kiswahili chake Moba na kukisema haraka kuliko sisi, alipita na karatasi mkononi bila kusimama.

“Ni wewe wa nkambo?”

“Ndiyo, Mamere.”

“Wote wanasema wana bidii. Wewe unasema unasikiliza. Tutaona. Mkae asubuhi hii yote pale kwenye meza, mmoja baada ya mwingine. Saa sita nitasema.”

Zamu yangu ilikuwa ya mwisho. Nilikaa kwenye benchi nikitazama wenzangu wakiandika vizuri, upesi, majina na vijiji na “tumbo” na “homa”. Ukumbi ulikuwa umejaa watu na harufu ya nguo zenye maji. Karibu na mlango alisimama mwanaume wa makamo, kofia mkononi, suruali imejaa matope mpaka magotini. Muuguzi kijana, mtu mwema, akampitia.

“Papa, kaa. Utaitwa kwa zamu.”

“Aksanti. Nitasimama tu.”

Akapita tena. “Papa, kiti ni kile pale.”

“Nimekiona, mwanangu. Mungu akubariki.”

Mara ya tatu muuguzi alimletea kiti mpaka miguuni pake, na watu wakacheka, mmoja akasema, “Labda ana jipu!” Mwanaume yule akatabasamu kwa adabu, akakigusa kiti kwa vidole kama kukishukuru, akabaki kusimama. Hapo nilikumbuka desturi ya kwetu. Zamu yangu ilikuwa bado. Nilijua kwamba nikiinuka nitaonekana mtu asiye na utaratibu, na Noeli ilikuwa karibu. Nikamwomba Mungu kwa neno moja tu, nikainuka.

“Papa, wamekupa kiti mara tatu.”

“Ndiyo, Mama.” Aliniita Mama, mimi msichana.

“Nani amebaki njiani?”

Kofia ikamwanguka. “Muke yangu. Ngambo ya daraja ya Lukuga. Tumetoka Kiambi, lori imekufa pale, na yeye hawezi tena kutembea. Tangu jana njo mutoto anataka kutoka, na hatoki.”

“Kwa nini haukusema, Papa?”

Akanitazama kwa mshangao wa kweli. “Hawajaniuliza nimetoka wapi. Ningeanzia wapi?”

Sikuandika fishi yoyote. Nilikimbia kwenye ukumbi wa ndani nikamwambia Mamere kama alivyosema yule mwanaume, bila kuongeza wala kupunguza, na Mamere aliita gari huku akikimbia. Walirudi naye kabla ya saa tano. Kengele ya sala ya mchana ilipolia tulisikia mtoto akilia pia, na yule mwanaume, aliyekuwa amesimama tangu alfajiri, akavuta kiti na kukaa. Akafunika uso kwa kofia. Nikamletea maji. Alipokwisha kunywa nikamwuliza, “Papa, huko utokako?” Akaanza Kiambi, kwa dada yake, tangu siku ya kwanza ya safari, na nikaisikiliza yote.

Mamere alinikuta hapo, naye akangoja mpaka mwanaume amalize. Ilikuwa mara ya kwanza kumuona akingoja. “Ulijuaje?” akaniuliza. “Alikataa kiti, Mamere.” Nikamweleza desturi ile. Akaitoa barua yangu mfukoni, akaipitia juu na chini. “Hilo hukuliandika.” Nikasema, “Mama Adeline alilikata, ili barua iwe fupi.” Akacheka kidogo. “Kesho, saa moja asubuhi. Usichelewe.”

Kule Kataki Mama Adeline alikuwa anapiga mashine. Alisikia habari yote, mikono bado juu ya herufi. “Sasa, nilikata vizuri ao vibaya?” Nikamwambia alikata vizuri, kwa sababu lile lingesomeka kama hadithi, na pale hospitali lilionekana kwa macho. “Chukua kikapu,” akasema, “tukatafute samaki mukubwa.” Siku ile alinifundisha kupiga jina langu kwa mashine.

Nilikaa kwenye meza ile ya hospitali zaidi ya miaka thelathini. Leo vijana wa parokia huniletea barua zao za kuomba kazi ndani ya simu, na nyingi zinasema mchapakazi, mwaminifu, mwenye bidii, kana kwamba zimetoka kwa mama mmoja. Siwacheki. Ninawauliza swali la Mama Adeline: ni ukuta gani ulijenga, na unasimama? Wengi husema kwa haya kitu kidogo, cha nyumbani, ambacho hawakukiona kuwa ni kazi. Ninawaambia waanzie hapo, wakiweka juu yake neno lililowaleta. Ninawaambia pia wamwonee huruma anayesoma, maana hatujui nini kinawaka nyuma yake.

Siku ya maziko nilikwenda na ukurasa mmoja, kama Josefina alivyoomba. Mistari yake ilikuwa kumi na miwili na yote ilikuwa ya kweli. Niliposimama chini ya turubai nikawatazama watu. Mwashi wa ule ukuta hayupo tena, lakini mwanawe alikuwepo. Walikuwepo walimu, wavuvi, watawa wawili, na mwanamke mmoja wa makamo ambaye baba yake alitoka Kiambi. Mvua ilikuwa imepita. Viti vyote vilikuwa na watu, na hakuna hata mmoja aliyekataa kiti. Nikaukunja ukurasa wangu nikautia kwenye mkoba. Nikaomba maji, nikanywa. Josefina akanitazama, akaelewa, akainamisha kichwa.

“Ndugu zangu,” nikasema, “ninatoka Zongwe, baada ya Pasaka, kwa boti la mbao.” Nikawapitisha kwenye upepo, kwa mjomba wangu na mkewe, kwenye chumba chenye pazia la maua, kwenye mafuta ya mawese juu ya karatasi nne. Walicheka panapochekesha. Neno lililotuleta, ambalo wote walilijua tangu walipotoka majumbani mwao, nililisema mwisho.

Nawe uliyenisoma mpaka hapa umekuwa mwenyeji wangu, ukangoja nifike. Mungu akupe siku za kukaa na watu wa kukaa nao. Na siku utakaposimama mlangoni na moto nyuma yako, akuwekee ndani mtu mmoja atakayeinuka. Amina.